Kanzidata ya klasta: upatikanaji si usalama

Kanzidata (pia hifadhidata), ngeli ya I-ZI, imeundwa kwa neno kanzi, yaani hazina. Klasta ni kundi la kompyuta zinazohudumu kama moja. Katika Samba, programu ya kushiriki mafaili mtandaoni, kanzidata ya klasta iitwayo CTDB huzijulisha seva zote nani amefungua faili lipi, ili wawili wasiliharibu kwa kuliandika pamoja. Seva moja ikizimika, nyingine huchukua anwani yake, huduma huendelea. Huo ni upatikanaji. Hata hivyo, faili likifutwa, limefutika kwa wote. Mfasiri akiandika "usalama wa mafaili", msomaji ataacha kuweka nakala za akiba, na siku ya hasara hatakuwa na pa kurejea.