Programu Hutungwa, Haijengwi

Miaka michache iliyopita niliteuliwa katika kamati ya kusimamia utayarishaji wa programu ya kuhifadhi alama za wanafunzi. Mimi ni mwanaisimu. Yamkini niliingizwa humo kwa kuwa nilikuwa nimelalamika sana. Mwenyekiti wetu, aliyewahi kusimamia ujenzi wa mabweni kwa ufanisi mkubwa, alituwekea utaratibu aliouzoea: ramani kamili itiwe sahihi kwanza, kisha mkandarasi alipwe kwa awamu, msingi, kuta, paa. Baada ya sahihi, hakuna kubadilisha kitu.

Awamu zote zilikamilika kwa wakati. Lakini programu ilipoanza kutumika, ilibainika kwamba haikuwa na mahali pa mwanafunzi aliyeahirisha masomo kwa mwaka mmoja. Hakuna aliyemkumbuka wakati wa kuchora ramani. Wanafunzi kadhaa waliofaulu walikosa majina yao katika orodha ya mahafali. Mmoja alinijia ofisini akiwa na barua ya ajira ambayo muda wake ulikuwa ukiyoyoma. Sikuwa na la kumwambia.

Kosa letu, nadhani, lilianzia katika istiara. Mwezi Oktoba 1968, wataalamu walikutana mjini Garmisch, Ujerumani, katika kongamano lililodhaminiwa na NATO, wakajadili "uhandisi wa programu". Jina hilo lilichaguliwa makusudi ili liwachokoze watu. Wengi wetu tumelichukua kama maelezo.

Hebu tutazame kazi yenyewe. Katika ujenzi, kufikiri ni kazi ya msanifu, na gharama kubwa humezwa na saruji, mawe na waashi. Mtunzi wa programu huandika maandishi, kisha kompyuta yenyewe huyafasiri kuwa amri za mashine, aghalabu kwa dakika chache. Mwashi ni kompyuta, na ujira wake ni mdogo mno. Basi yule kijana tuliyemhesabia matofali alikuwa bado anachora ramani! Tulimkataza kufikiri wakati ule ule alipoanza kuielewa kazi.

Frederick Brooks, aliyesimamia mfumo wa OS/360 wa kampuni ya IBM, aliandika mwaka 1975 kwamba kuongeza watu katika programu iliyochelewa huzidi kuichelewesha. Mwalimu yeyote aliyewahi kuandika kitabu pamoja na wenzake atamwelewa. Kila mwandishi mpya sharti aelezwe yaliyokwisha kuandikwa, na wanaoeleza ni wale wale waliokuwa wakiandika.

Fauka ya hayo, tofali jema hufaa katika kuta nyingi, ilhali sentensi hutegemea muktadha. Tarehe 4 Juni 1996 roketi ya Ariane 5 ililipuka chini ya dakika moja baada ya kurushwa kutoka Kourou, Guyana ya Ufaransa. Sehemu ya programu yake ilikuwa imetolewa katika Ariane 4, ambako ilifanya kazi bila dosari. Roketi mpya ilikuwa na kasi kubwa zaidi, na tarakimu moja ikazidi nafasi iliyotengewa.

Simaanishi kwamba watunzi wa programu waachwe wajiendee wapendavyo, la hasha! Ujenzi una jambo moja ninalolionea wivu, nalo ni mkaguzi. Jengo likiporomoka, kuna mtu wa kuulizwa. Katika mkasa wetu kila mmoja alionyesha sahihi yake kwenye ramani, tukawa sote hatuna hatia.

Sasa programu hiyo inaandikwa upya. Nimeomba iletwe sura kwa sura kama mswada, na kila sura isomwe kwanza na karani wa idara, yule mama anayewajua kwa majina wanafunzi wote walioahirisha masomo. Mwenyekiti ameuliza karani huyo ana shahada gani.