Mshono Usioonekana: Uponaji Baada ya Upasuaji wa Utumbo

Katika upasuaji wa utumbo, mara nyingi daktari huondoa kipande chenye ugonjwa, kisha huunganisha ncha mbili zilizobaki. Jeraha la ngozi huonekana na kufungwa bandeji. Mshono wa ndani hauonekani, nao ukivuja huhatarisha maisha. Tunaueleza hapa kwa sababu sehemu ya uponaji wake imo mikononi mwa mgonjwa mwenyewe, hata kabla hajalazwa.

Damu inapopungua

Mshono huwa dhaifu zaidi katika siku chache za mwanzo. Kolajeni, yaani protini inayoshikamanisha tishu za mwili, huvunjwa penye jeraha kabla mpya haijatengenezwa ya kutosha. Kolajeni imara haitengenezwi bila oksijeni, na oksijeni huletwa na damu. Mishipa ikibanwa, au shinikizo la damu likishuka mno, mshono hukosa mahitaji yake.

Tena, tishu iliyokosa oksijeni kisha ikarudishiwa damu huzalisha kemikali kali ziitwazo radikali huru. Zikiwa chache, husaidia mwili kuua vijidudu. Zikizidi uwezo wa mwili wa kuzidhibiti, huharibu seli na mishipa midogo, na damu huzidi kupungua. Hali hiyo ndiyo wataalamu huiita msongo wa oksidi.

Tumbaku na mshono

Uvutaji wa sigara huleta madhara yote mawili kwa pamoja. Nikotini hubana mishipa. Gesi ya kaboni monoksidi hushikamana na himoglobini kwa nguvu inayoizidi oksijeni zaidi ya mara 200. Moshi wenyewe umejaa radikali huru. Mwaka 2020, Shirika la Afya Duniani lilieleza kuwa wavutaji wanaoacha takriban wiki 4 au zaidi kabla ya upasuaji hupunguza hatari ya matatizo baada yake. Ikiwa upasuaji ni wa dharura, usiuahirishe kwa sababu hiyo. Acha sigara siku hiyo hiyo.

Kabla ya kununua vidonge

Tunawatahadharisha watumiaji dhidi ya vidonge vinavyouzwa kwa madai ya kuondoa sumu na kuharakisha uponaji. Hakuna kidonge kinachochukua nafasi ya damu inayofika kwenye mshono. Baadhi yake, kama vile vitamini E kwa kipimo kikubwa, huweza kuongeza utokaji wa damu. Mweleze daktari kila dawa unayotumia, zikiwamo za mitishamba.

Maswali ya kumuuliza daktari

• Je, nina upungufu wa damu au kisukari kinachopaswa kudhibitiwa kwanza?
• Dawa zipi nisitishe, na lini?
• Je, huenda nikahitaji mfuko wa haja kubwa kwa muda ili mshono upate kupona?

Una haki ya kujibiwa kwa lugha unayoielewa kabla ya kutia saini fomu ya ridhaa.

Dalili za hatari

Rudi hospitali mara moja ukipata homa, maumivu ya tumbo yanayozidi badala ya kupungua, tumbo kujaa, kutapika au mapigo ya moyo kwenda mbio. Usisubiri siku ya kliniki, wala usitulize maumivu hayo kwa dawa za dukani. Mshono unaovuja ukigunduliwa mapema, nafasi ya kuokoa maisha huwa kubwa zaidi.