Kabla ya Kununua Ruta: Maswali Manne kwa Kamati ya Parokia



Siku hizi karibu kila andiko la mradi linalofika ofisini kwetu lina mstari mmoja unaosomeka "vifaa vya intaneti". Mara nyingi mstari huo una bei, lakini hauna maelezo. Katika toleo hili tumeona ni vyema kueleza kwa lugha rahisi kifaa kimoja kati ya hivyo, yaani ruta ya waifai, inayogawa intaneti ndani ya nyumba bila kutumia waya. Nyumba ya parokia, kwa jambo hili, haina tofauti na nyumba ya familia yoyote: ina vyumba kadhaa, simu nyingi, kompyuta moja au mbili, na mfuko mdogo wa fedha.

Tuanze na tukio. Miaka michache iliyopita kamati ya parokia moja ilituletea maombi ya fedha za kununua ruta mpya. Walieleza kwamba ile ya zamani ilikuwa mbovu: mezani kwa karani mawasiliano yalikuwa mazuri, lakini sebuleni, hatua kumi na tano tu kutoka hapo, simu zilitafuta mtandao bila kuupata. Walikuwa wameshachagua nyingine dukani, yenye antena nane na bei mara nne ya ile ya kwanza. Tulipokwenda kuona, tuliikuta ruta ya zamani imefungiwa ndani ya kabati la chuma pamoja na vitabu vya hesabu, kwa kuogopa wezi. Tuliitoa tukaiweka juu ya kabati lile lile. Sebuleni mtandao ukapatikana. Maombi yakaondolewa, na fedha zikabaki katika mradi wa maji.

Hatusimulii haya ili kuicheka kamati ile. Hofu yao ya wezi ilikuwa ya kweli, na hakuna mtu aliyewahi kuwaambia kwamba chuma huzuia mawimbi. Lakini tukio hilo linaonyesha jambo ambalo tungependa kila kamati ilishike: shida nyingi zinazosemwa kuwa za ruta hazitokani na ruta. Kwa hiyo, kabla ya kwenda dukani, kamati ijiulize maswali manne yafuatayo.

1. Intaneti inaingia nyumbani kwa njia gani?

Ruta haitengenezi intaneti; inaigawa tu. Ni sawa na tangi la maji lililo juu ya nyumba. Kama bomba linaloleta maji kutoka barabarani ni jembamba, kununua tangi kubwa zaidi hakuongezi maji. Ukilipia laini ya megabiti 10 kwa sekunde, ruta ya bei yoyote itakupa kumi hizo, au pungufu.

Kuna njia tatu kuu. Ya kwanza ni mkongo, yaani waya wa faiba unaofika hadi nyumbani. Hapa kampuni ya mawasiliano kwa kawaida huja na kifaa chake, na mara nyingi kifaa hicho tayari kina waifai ndani yake. Kabla ya kununua kingine, ulizeni kama kinachokuja kinatosha.

Njia ya pili ni mtandao wa simu. Hii ndiyo njia ya parokia nyingi za vijijini. Hapa inahitajika ruta yenye sehemu ya kuweka laini ya simu. Mambo mawili yaangaliwe. Kwanza, ruta nyingi zinazouzwa na makampuni ya simu zimefungwa zitumie laini za kampuni hiyo tu. Kampuni nyingine ikijenga mnara karibu, hamtaweza kuhama na kifaa chenu. Pili, ruta isikie masafa yanayotumiwa na minara ya eneo lenu. Njia rahisi ya kupima ni kuazima ruta ya aina hiyo na kuijaribu mahali penyewe kabla ya kulipa.

Njia ya tatu ni setilaiti. Hadi mwaka 2009, mikongo ya baharini ya TEAMS na SEACOM ilipoanza kazi, Afrika Mashariki ilitegemea sana setilaiti kwa mawasiliano ya intaneti na nchi za nje, na gharama zake zilikuwa kubwa mno. Leo kuna huduma mpya za setilaiti zinazoruka chini zaidi. Kenya, kwa mfano, ilianza kupata huduma ya Starlink mwezi Julai 2023. Huduma hiyo huuzwa pamoja na ruta yake, hivyo hakuna haja ya kuweka nyingine kwenye bajeti kabla ya kuijaribu hiyo.

2. Nyumba imejengwaje?

Waifai ni redio. Ruta nyingi za sasa hutumia masafa mawili. Masafa ya GHz 2.4 hufika mbali zaidi na hupenya kuta vizuri zaidi, lakini hayana kasi kubwa, na majirani wengi huyatumia. Masafa ya GHz 5 yana kasi kubwa lakini huchoka haraka yanapokutana na ukuta. Nunueni ruta yenye masafa yote mawili: chumba kilicho karibu kitafaidi kasi, na chumba cha mbali kitafaidi umbali.

Vizuizi havilingani. Mbao na dari nyepesi hupitisha mawimbi bila shida kubwa. Matofali huyapunguza, na zege lenye nondo huyapunguza zaidi. Chuma, mabati na wavu wa waya huyarudisha, nalo tangi lililojaa maji huyameza. Kwa hiyo ruta iwekwe katikati ya nyumba, juu kiasi, mbali na jokofu, kabati la chuma na tanuri la maikrowevu, ambalo nalo hutumia masafa yaliyo karibu na GHz 2.4. Kwa wanaoogopa wezi, fundi seremala atengeneze kisanduku cha mbao chenye kufuli na matundu ya hewa, kikapigiliwe juu ukutani. Hilo halizuii mawimbi, na gharama yake ni ndogo.

Je, kama ofisi iko jengo la pili? Hapa ndipo fedha nyingi hupotea kwa kununua ruta "yenye nguvu". Mawasiliano ya waifai ni ya pande mbili. Ruta ikipaza sauti, simu iliyo ng'ambo ya uwanja bado inanong'ona, na jibu lake halisikiki. Dawa iliyo bora ni waya wa mtandao kutoka jengo moja hadi jingine, na mwisho wake kifaa kidogo cha kurusha waifai. Waya wa kawaida wa shaba unafaa hadi mita 100. Mnapojenga au kukarabati, lazeni bomba la plastiki ardhini mapema kwa ajili ya waya huo, hata kama fedha za vifaa bado hazijapatikana.

3. Umeme ukikatika itakuwaje?

Ruta ya kawaida hutumia umeme kidogo. Ikitumia wati 10 usiku na mchana, kwa mwezi inakula uniti 7 hivi. Nyingi hufanya kazi kwa volti 12, na hiyo ni faida kwa nyumba zenye sola au betri. Betri ndogo ya volti 12 na ampea-saa 7 ina akiba ya wati-saa 84 hivi. Kwa hesabu ya karatasi ingeiendesha ruta hiyo kwa saa nane. Lakini kwa kuwa betri za aina ya asidi huharibika zikimalizwa kabisa, hesabuni nusu yake, saa nne. Fundi aangalie volti zilizoandikwa chini ya ruta kabla ya kuunganisha, kwa maana si zote ni za volti 12.

Aidha, umeme unaopanda na kushuka, pamoja na radi, huua vifaa vingi. Kinga ya umeme ya bei nafuu iwemo katika bajeti, na wakati wa radi plagi ichomolewe, pamoja na waya wa mtandao unaotoka nje.

4. Nani ataitumia, na nani ataitunza?

Swali hili husahaulika kuliko yote, nalo ndilo zito. Ofisi ya parokia hutunza habari za watu: ndoa, vizazi, michango, majina ya watoto wanaosomeshwa, na wakati mwingine habari za wagonjwa. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, na Kenya ina sheria yake ya mwaka 2019. Lakini hata bila sheria, mtu aliyempa karani habari zake amemwamini.

Kila ruta ina maneno ya siri mawili. La kwanza ni la kuingia kwenye waifai. La pili ni la kufungua mipangilio ya ruta yenyewe, na hili wengi huliacha kama lilivyotoka kiwandani. Mwaka 2016 programu haribifu iliyoitwa Mirai iliteka maelfu kwa maelfu ya kamera na ruta duniani kwa kujaribu tu maneno ya siri ya kiwandani, zaidi kidogo ya jozi sitini. Yabadilisheni yote mawili siku ile ile ya kufunga kifaa, yaandikwe, na karatasi itunzwe na watu wawili, asije akahama mmoja na ufunguo wa mtandao.

Katika mipangilio ya usalama chagueni WPA3, au WPA2 kama vifaa vyenu ni vya zamani. Ulinzi wa zamani uitwao WEP ulijulikana kuwa dhaifu tangu mwaka 2001. Ruta isiyo na zaidi ya huo haifai hata ikiwa ya bure. Muulizeni pia muuzaji kama mtengenezaji bado anatoa marekebisho ya programu ya kifaa hicho. Ruta isiyopata marekebisho ni mlango ambao kufuli lake likiharibika hakuna wa kulitengeneza.

Vilevile chagueni ruta yenye mtandao wa wageni. Wanakwaya na wageni wa semina watumie huo, na kompyuta ya ofisi ibaki kwenye mtandao wake peke yake. Hapo pia mtaokoa bando. Simu nyingi zikiona waifai hudhani intaneti ni ya bure, zikaanza kupakua programu mpya na kuhifadhi video zote zilizopigwa harusini. Kamati nyingine hulalamika kwamba bando la mwezi limeisha kwa siku nne, kumbe halikutumiwa na mtu bali na simu zilizolala. Kwenye kompyuta na simu za ofisi kuna mpangilio wa kueleza kwamba mtandao huo una kikomo, uwasheni.

Maandishi yaliyo kwenye boksi

Namba kubwa kwenye boksi isiwatishe wala kuwavutia. Ruta iliyoandikwa AC1200, kwa mfano, imejumlisha kasi za masafa yote mawili, 300 na 867, kisha ikakuza kidogo jumla hiyo. Hakuna simu moja itakayopata 1200. Maneno ya kutazama ni Wi-Fi 5, kiwango kilichopitishwa mwaka 2013, au Wi-Fi 6, kilichopitishwa mwaka 2021. Kwa nyumba yenye watu wachache, Wi-Fi 5 bado inafanya kazi vizuri. Palipo na simu nyingi kwa wakati mmoja, kama hosteli au ukumbi wa semina, Wi-Fi 6 inastahili fedha ya ziada, kwa sababu ilibuniwa kuhudumia vifaa vingi pamoja.

Neno kwa wafadhili wetu

Tunawashukuru wafadhili wanaotuma vifaa kutoka nje. Tunaomba tu mtuulize kwanza. Ruta ya laini ya simu iliyonunuliwa Marekani inaweza isisikie minara ya huku. Adapta isiyopokea volti 230 itaungua siku ya kwanza. Na ruta iliyostaafu ofisini kwenu kwa kukosa marekebisho, ikija kwetu itakuwa na udhaifu ule ule. Isitoshe, vifaa vya mawasiliano vinatakiwa viwe vya aina iliyothibitishwa na mamlaka ya nchi, ambayo kwa Tanzania ni TCRA. Mara nyingi fedha ya kununulia hapa hapa, kwa muuzaji mwenye dhamana, ina faida zaidi.

Yatakayosaidia andiko lenu

Kamati inayoomba ruta iambatanishe mambo haya:

- Aina ya intaneti iliyopo, kasi inayolipiwa, na gharama ya kila mwezi pamoja na mahali fedha hiyo itakapotoka baada ya mradi kuisha.
- Mchoro wa nyumba uliochorwa kwa mkono, ukionyesha kuta, mabati, matangi ya maji na mahali ruta itakapokaa.
- Majibu ya jaribio hili: ruta iliyopo iwekwe mahali pa wazi katikati ya nyumba, kisha mtu azunguke na simu chumba kwa chumba akiandika panapopatikana na pasipopatikana.
- Chanzo cha umeme na akiba yake.
- Majina ya watu wawili watakaotunza kifaa na maneno ya siri.

Jaribio hilo la tatu halina gharama hata senti moja. Lifanyeni kwanza. Likimaliza shida, mtakuwa mmeokoa fedha ya watu waliojinyima ili kutoa. Na lisipoimaliza, andiko lenu litasomwa kwa imani zaidi, kwa kuwa litaonyesha kwamba mmetazama vizuri mlicho nacho kabla ya kuomba kingine.