Boganvilia: Maua na Ua Pamoja

Bwana mkulima wa Landless, ukitaka boma lako lipendeze na ng'ombe wa jirani wasipite, panda boganvilia. Asili yake ni Amerika ya Kusini, lakini jua la Thika laifaa sana. Masika yakianza, kata vijiti vilivyokomaa, unene wa kidole, urefu wa shibiri moja, uvitie katika udongo usiotuamisha maji. Vikishika, hamisha kwa uangalifu, kwani mizizi hukatika upesi na mche hufa. Usizidishe maji wala samadi: utavuna majani matupu. Ajabu ni kwamba zile rangi nyekundu na zambarau nazo ni majani. Ua lenyewe ni lile dogo jeupe la katikati. Ukipogoa, okota matawi yote. Miiba yake huchoma watoto miguu.