Umeme ukikatika, kilo za mchimbaji zinabaki wapi?

Ilikuwa siku ya posho, saa tisa ya mchana, mvua ikikaribia kutoka upande wa ziwa. Karani wa koperativi moja tunayoisaidia hapa Kalemie alikuwa anaingiza kilo za juma lile ndani ya kompyuta: namba ya etiketi, jina la mchimbaji, uzito, bei. Umeme ukakatika. Walipowasha jenereta, mashini ikafunguka vizuri, lakini ile rejista ikakataa. Fundi alikuja, akakesha nayo usiku mzima, bure. Kopi ya mwisho ilikuwa kwenye flashi, ya majuma matatu nyuma.

Majuma matatu, wandugu. Mnunuzi alikuwa na daftari yake, na ndani ya daftari yake kilo zilikuwa kidogo kuliko zile wachimbaji walizokumbuka. Wakaja biro, wakasimama mlangoni. Na mimi, mtu wa sendika ninayewaambiaga kila siku "kila kitu kiandikwe", sikuwa na kitu cha kuwaonyesha. Mama mmoja anayeosha kasiterite akaniuliza: "Papa, ile mulikuwa munaandika kila siku, muliandika wapi?"

Swali lile lilinikaa kichwani. Nitarudi kwake.

Kwanza tuelewane kwa nini hesabu hizi si mchezo wa biro. Tangu 2011 mifuko ya kasiterite na koltani katika Katanga ya zamani ilianza kufungwa etiketi zenye namba, katika mpango wa ITSCI. Agenti wa SAEMAPE, ile tuliyokuwa tunaita SAESSCAM, anaandika uzito kwenye daftari yake. Mnunuzi naye ana yake. Koperativi ikiwa na hesabu yake yenyewe inaweza kulinganisha na kubisha. Ikikosa, inakubali ya wengine, njo vile tulivyokubali sisi.

Basi tukaunda komite ya watu wanne kutafuta seva, maana yake mashini moja inayokaa biro na kutunza rejista, na makarani wote wanaandika ndani yake. Mimi si fundi. Nilimaliza sekondari, nikaingia kazi ya mgodi. Lakini miezi miwili ya kuuliza maduka ya hapa, ya Lubumbashi na ya Kigoma ilinifundisha kwamba muuzaji karibu kila mmoja anaanza na mbio: mashini hii ina mbio, ile ina mbio zaidi. Kijana mmoja alituonyesha kompyuta ya kuchezea michezo, yenye taa za rangi ndani kama baa. Bei yake ilikuwa ya kutosha kununua kitu cha maana.

Tukapiga hesabu wenyewe. Tuseme mifuko 300 kwa siku, kila siku ya mwaka. Hiyo ni mistari 109,500. Kila mstari tuupe herufi 500, na hiyo ni kusema mingi. Mwaka mzima hauzidi megabaiti 55. Miaka kumi inaingia kwenye flashi ndogo kabisa ya sokoni. Kumbe mbio na ukubwa si shida yetu. Pesa yote ilipaswa kwenda kwenye swali la yule mama.

Fundi mmoja alinielezea hivi, na mpaka leo sijapata mfano mzuri kuliko huu. Programu ya rejista ikipokea kilo, inaipa diski na kungoja. Diski ikijibu "nimeandika", njo programu inamwambia karani kwamba mambo tayari. Sasa kuna diski zinazojibu "nimeandika" wakati kilo zingali kwenye kumbukumbu yake ya muda, bado hazijakaa mahali pa kudumu. Ni sawa na karani anayekuambia "nimekwisha kuandika, baba, nenda", kumbe namba iko kichwani mwake tu, kalamu iko mfukoni. Siku umeme haukatiki, hutajua. Siku unakatika, karani anaanguka na kichwa chake. Tena haipotei ile ya mwisho peke yake: kurasa zinabaki nusu nusu, na rejista nzima inakataa kufunguka.

Dawa iko. Diski za SSD zilizotengenezwa kwa ajili ya seva zina kondensa ndogo ndani, zinazoshika umeme kwa nafasi fupi sana, ya kutosha kumaliza kuandika kile kilichokuwa kichwani. SSD nyingi za bei ya chini, za kompyuta ya nyumbani, hazina. Kwa macho zinafanana kabisa, kwa hiyo usiulize tu "ni giga ngapi", uliza kama ina kinga ya kukatika umeme, na umwambie muuzaji akuonyeshe kwenye karatasi ya mtengenezaji. Wengine wanafikia hapo kwa kadi ya diski yenye betri yake. Ni sawa, lakini betri ile inazeeka, na ikifa kinga inakufa pamoja nayo. Diski tulichukua mbili, kila moja inaandika sawa na mwenzake, moja ikifa kazi inaendelea. Tulikataa zitoke kwenye karton moja, kwa sababu ndugu wa tumbo moja wanaweza kuugua ugonjwa mmoja siku moja.

Kitu kingine ni kumbukumbu ya aina inayoitwa ECC. Katika kompyuta ya kawaida, biti moja ikigeuka yenyewe hakuna anayejua. Kilo 48 zinaweza kuwa kilo 16, kwa biti moja tu, na mashini haioni ubaya wowote. ECC inaongeza biti 8 za ukaguzi juu ya kila biti 64: ikigeuka moja inaisahihisha, zikigeuka mbili inatoa kengele. Lakini angalia, prosesa na kadi mama lazima viikubali pia. Kompyuta mingi za mezani hazikubali.

Hapa mhasibu wetu alianza kulia bei, na hajakosea. Akauliza kwa nini tusinunue seva za okazio, zile zinazotoka Dubai na kuvuka ziwa toka Kigoma. Sikatai okazio. Dell na HP za zamani ziko nguvu, na spea zake zinapatikana. Lakini diski zake zina hesabu ya saa zilizofanya kazi, na fundi anaweza kuisoma. Moja tuliyoonyeshwa ilikuwa imepita saa 40,000, yaani zaidi ya miaka minne na nusu bila kulala. Anayenunua okazio abadilishe diski zote, na kama anaweza achukue mashini mbili za aina moja, ya pili iwe ya spea. Tena zile za rafu zinapiga kelele kama kinu na kula umeme. Sisi tulichukua mpya, ndogo, ya kusimama, inayokula kama wati 100.

Karibu theluthi ya pesa yote ilienda kwenye onduleri, na hapo ugomvi ulikuwa mkali. Umeme wetu unatoka Bendera, kwenye maporomoko ya mto Kiymbi, na waya inatembea mbali milimani mpaka kutufikia. Ukikatika, jenereta inakuja, nayo inapanda na kushuka. Onduleri ya VA 1000 haitoi wati 1000, mara mingi inatoa 600 ama 700. Kazi yake si kuendesha biro siku nzima. Ni kuipa seva dakika za kufunga daftari vizuri. Ndani ya karton mna waya ndogo ya USB ya kuunga onduleri na seva, ili betri ikishuka seva ijizime yenyewe kwa utaratibu. Nimeona biro ngapi waya ile ingali kwenye nailoni yake! Na friji ya bosi imechomekwa mahali pa seva.

Betri zake ni za risasi, na joto linazila. Likipita digri 25, kila digri 10 za juu zinakata karibu nusu ya maisha yake. Kwa hiyo haiwekwi chini ya mabati bila hewa. Wala haiwekwi chini kabisa: 2024 ziwa lilipanda likaingia nyumba za karibu na maji. Yetu iko ghorofani, imefungwa ukutani kwa bulo, kwa sababu tunaokumbuka tetemeko la tarehe 5 Desemba 2005, la 6.8, hatuamini meza.

Kopi bado zinafanyika. Diski mbili si kopi: karani akifuta mstari kwa makosa, unafutika kwenye zote mbili. Kila jioni kopi moja inabaki biro kwenye diski ya nje, na kila juma nyingine, iliyofungwa kwa neno la siri kwa ajili ya majina ya watu, inakwenda kulala mtaa mwingine. Mara moja kwa mwezi tunafungua moja kwenye kompyuta nyingine na kuhesabu mistari.

Kabla ya kuingiza kilo hata moja ya kweli, tulifanya jaribio. Karani aliandika mistari ya uongo, na mimi nikachomoa waya ya seva yenyewe, si ya onduleri, bila kumwonya. Tukawasha, tukatafuta namba ya mwisho ambayo skrini ilisema imeandikwa. Ilikuwepo. Tulirudia mara tano, wachimbaji wanatazama mlangoni. Yule mama alikuwepo pia. Alitaka achomoe yeye mwenyewe ya sita, tukamwachia.

Kinachobaki ni pesa ya betri mpya za onduleri, ambazo baada ya miaka mitatu hivi zitakuwa zimechoka. Mhasibu ameiweka kwenye ajenda ya mkutano ujao.