Ufupisho usiopoteza neno: Kodeki ipi itunze kanda za fasihi simulizi?

Mwenzangu anayefundisha fasihi simulizi aliniletea katoni yenye kanda 12 za VHS. Ndani mna ngano, mawaidha ya harusi na nyimbo za jandoni zilizorekodiwa wakati ambapo fanani wengi wa kizazi kile walikuwa bado hai. "Mwalimu, naomba uniwekee zote kwenye diski hii moja, na usinipotezee kitu," aliniambia huku akinipa diski ya terabaiti 2. Nilimjibu kwamba hiyo ni kazi ya wikendi tu. Nilipoketi nikapiga hesabu, nilijua nimeahidi nisichokielewa.

Makala haya yanahusu hesabu hiyo, na swali lililozaliwa nayo: kati ya kodeki zinazobana video bila kupoteza chochote, ipi inatoa faili ndogo, ipi ina kasi, na je, mtu anaweza kupata vyote viwili?

Swali hili si la mafundi wa mitambo peke yao. Kanda za sumaku huchakaa hata zikiwa kabatini, na mashine za kuzichezea zimekwisha sokoni. Kampuni ya Funai ya Japani, iliyokuwa ya mwisho kujulikana kuunda mashine za VHS, iliacha kuziunda Julai 2016. Mnamo 2019, UNESCO pamoja na IASA, chama cha kimataifa cha hifadhi za sauti na picha, walitoa tahadhari kuhusu kanda za sumaku ambazo hazijahamishiwa kwenye dijitali. Huenda basi kanda ikakubali kuchezwa mara moja tu ikakatika. Utakachokichukua siku hiyo ndicho watakachorithi wajukuu.

Sasa hesabu. Picha ya televisheni ya mfumo wa PAL, ambao ndio tuliokuwa tukiutumia hapa Kenya, ikiwekwa katika dijitali huwa na pikseli 720 kwa 576. Kwa mpangilio wa rangi uitwao 4:2:2, kila pikseli huchukua wastani wa baiti 2, yaani fremu moja ni baiti 829,440. Kila sekunde ina fremu 25. Kwa hivyo sekunde moja ni takribani megabaiti 20.7, na saa moja ni gigabaiti 74.6, kabla hujagusa sauti. Kanda 12 za saa 3 kila moja ni saa 36. Zidisha: terabaiti 2.7. Diski ya terabaiti 2 haitoshi, na huo ni mfano wa nakala moja tu.

Suluhisho la haraka ni kubana kama simu zetu zinavyobana. Lakini hapa mwanafunzi wa Kiswahili ana la kufundisha. Katika karatasi ya pili ya KCSE kuna swali la ufupisho. Mtahiniwa husoma taarifa ndefu, akachagua hoja kuu, akaziandika kwa maneno machache. Kazi nzuri kabisa, ila ukimpa mtu mwingine ufupisho huo hawezi kukurejeshea taarifa ya awali neno kwa neno. Mifano imekwenda, mafumbo yamekwenda. Sasa linganisha na vifupisho: "n.k.", "k.m.", "taz." Hivi navyo hupunguza nafasi, lakini kila msomaji huvifungua vikawa "na kadhalika", "kwa mfano" na "tazama" bila kupungua hata herufi.

Video za kawaida za mitandaoni hubanwa kama ufupisho: programu huamua jicho halitahitaji nini, ikakitupa. Kodeki ninazozizungumzia hapa hubana kama vifupisho. Ukifungua faili, kila pikseli hurudi ilivyokuwa. Mimi huita huko "kubana bila hasara".

Kwani hasara ndogo ina ubaya gani? Kwa filamu ya kujiburudisha jioni, haina. Lakini katika fasihi simulizi, utungo si maneno pekee. Fanani husema kwa kope, kwa vidole, kwa mdomo anaoubetua anapomwigiza fisi. Hayo ni mambo madogo kwenye skrini, na ndiyo ambayo mbano wenye hasara hupenda kuyafuta akiwa gizani karibu na moto. Isitoshe, hasara hujirudia. Ukikata kipande ukahifadhi upya, ukaongeza manukuu ukahifadhi tena, kila mara programu inafupisha ufupisho. Mwishowe uso wa mzee unabaki miraba miraba.

Basi kubana bila hasara hufanyikaje? Kuna hatua mbili, na zote zinaeleweka kwa sarufi yetu.

Hatua ya kwanza ni kubashiri. Nikiandika "Kikombe ...angu ...zuri ...mevunjika", tayari umekwisha kujaza nafasi: changu, kizuri, kimevunjika. Upatanisho wa kisarufi umekuambia. Picha nazo zina upatanisho wake: pikseli ya ukutani hufanana na ile iliyo kushoto kwake na ile iliyo juu yake. Kodeki hutumia majirani hao kubashiri thamani ya pikseli inayofuata, kisha huandika tofauti tu kati ya ubashiri na ukweli. Mara nyingi tofauti hiyo ni sufuri au karibu na sufuri.

Hatua ya pili ni kuzipa tofauti hizo alama fupi. Mwaka 1952, David Huffman, aliyekuwa mwanafunzi wa MIT nchini Marekani, alichapisha njia ya kukipa kinachotokea mara nyingi alama fupi, na kinachotokea kwa nadra alama ndefu. Katika Kiswahili, herufi "a" ingepata alama fupi kuliko zote. Njia hii ni ya haraka sana, lakini ina kasoro moja: alama haiwezi kuwa fupi kuliko biti moja nzima. Ni kama makanga asiye na sarafu ndogo. Nauli ya shilingi 42 inakuwa 50. Njia ya usimbaji wa kihesabu, iliyokuja baadaye, inaweza kutoza sehemu ya biti. Hubana zaidi, lakini humfanyisha kichakato kazi nyingi zaidi.

Ukielewa hayo mawili, tabia za kodeki zenyewe hazitakushangaza.

HuffYUV, ya Ben Rudiak-Gould, ndiyo mkongwe. Hubashiri kwa majirani, kisha hutumia alama za Huffman. Ina mwendo wa kasi, lakini faili zake ni kubwa. Ut Video, iliyoundwa na Mjapani Takeshi Umezawa, imefuata njia iyo hiyo, ila imetengenezwa kugawa kazi kwa viini vyote vya kichakato cha kisasa. Ni nyepesi kurekodia na nyepesi kuhariri. Lagarith, ya Ben Greenwood, ilianzia kwenye fikra za HuffYUV lakini ikachukua usimbaji wa kihesabu. Faili hupungua, mwendo nao hupungua.

FFV1 ilianzishwa na Michael Niedermayer katika mradi wa FFmpeg mwaka 2003. Hii hujifunza kadiri inavyosoma: hutazama mazingira ya kila pikseli na kubadilisha makadirio yake. Kwa video ya kawaida hushusha ukubwa hadi karibu na nusu ya ule wa awali, na wakati mwingine hadi thuluthi. Ni nzito kuliko Ut Video wakati wa kubana na hata wakati wa kufungua. Toleo lake la tatu hugawa fremu katika vipande, hivyo viini kadhaa hufanya kazi pamoja, na kila kipande huweza kubeba namba ya ukaguzi. Kipande kikiharibika diskini, utajua ni kipi.

Ya mwisho ni H.264, kiwango kilekile cha video za kila siku, ambacho kina hali ya kubana bila hasara. Programu ya x264 huifanya kazi hiyo ukiiwekea kiwango cha hasara kuwa sufuri. Tofauti yake ni kwamba haitazami majirani wa fremu moja tu. Hutazama pia fremu zilizotangulia. Mzungumzaji akiwa ametulia na kamera iko kwenye mguu, ukuta ule ule hauandikwi mara 25 kwa sekunde. Hapo inaweza kuishinda FFV1 kwa udogo wa faili. Tena inakuachia uchague mwendo: wa haraka sana kwa faili kubwa kidogo, au wa pole pole kwa faili ndogo. Kinachorudi ni kile kile. Ubaya ni kwamba vichezeo vingi haviwezi kuifungua hali hiyo, na fremu zinazotegemeana hufanya uhariri uwe mzito.

Lakini VHS ina vituko vyake. Picha yake imejaa vijitone vinavyorukaruka, na vijitone havina upatanisho. Havibashiriki kutoka kwa jirani wala kutoka fremu iliyopita. Ndiyo maana ile faida ya H.264 ya kukumbuka fremu zilizotangulia ilipungua sana kwenye kanda zetu, ilhali kwenye video safi ya vibonzo ilikuwa kubwa. Ukisikia mtu akisema kodeki fulani ni bora daima, muulize: kwa picha gani?

Nilipozijaribu kwenye dakika chache za ngano moja, mpangilio wa kasi ulikuwa takribani kinyume cha mpangilio wa udogo: Ut Video mbele na HuffYUV nyuma yake, kisha Lagarith na FFV1, huku x264 ya mwendo wa pole ikifunga mkia. Sitakupa dakika na sekunde za tarakilishi yangu kuukuu. Zako zitakuwa tofauti. Mpangilio ndio wa kushika.

Kuna kosa nililolifanya, nalo ni afadhali ulijue. Faili moja ya x264 ilitoka ndogo mno nikashangilia. Kumbe nilikuwa nimeacha mpangilio wa kazi ya zamani, uliobadilisha rangi kutoka 4:2:2 hadi 4:2:0 kabla ya kubana. Fremu ya baiti 829,440 ilikuwa imekuwa 622,080. Robo ya data ilitupwa mlangoni, kisha iliyobaki ikabanwa bila hasara! Kodeki hailaumiwi, ilitunza kila ilichopewa. Tangu siku hiyo sipimi kwa macho. FFmpeg inaweza kutoa namba ya ukaguzi ya kila fremu. Natoa namba za faili ya awali na za faili iliyobanwa, kisha nazilinganisha. Zikilingana zote, hakuna kilichopotea. Isipolingana hata moja, narudia.

Mwishowe nilimpa mwenzangu jibu la sehemu mbili. Wakati kanda inacheza, tunarekodi kwa Ut Video. Hapo kasi ndiyo kila kitu, kwa sababu tarakilishi ikishindwa kumeza megabaiti 20.7 kila sekunde itaruka fremu, na kanda haimsubiri mtu. Baadaye, usiku, tarakilishi inahamisha faili hiyo hadi FFV1 ndani ya faili ya Matroska. Kwa kuwa zote mbili hazina hasara, kuhama huko hakupunguzi kitu.

Mbona si x264, ambayo huenda ingeokoa gigabaiti chache zaidi? Kwa sababu hifadhi ni ahadi ya miaka mingi. Maelezo ya FFV1 yako wazi kwa yeyote, na yalichapishwa rasmi kama RFC 9043 mwaka 2021. Taasisi kama Österreichische Mediathek ya Vienna huitumia kuhifadhi video zao. Ikiwa siku moja hakutakuwa na programu ya kuifungua, mtu ataweza kuiandika upya kwa kuyasoma maelezo hayo.

Kanda zote 12 zimeingia kwenye ile diski ya terabaiti 2, na nafasi ikabaki. Nilimwambia mwenzangu anunue ya pili, aiweke nyumba nyingine. Alinitazama kama mtu aliyeombwa mahari mara mbili. Lakini diski nayo ni chombo, na chombo huvunjika. Hakuna kodeki inayoweza kurejesha faili iliyokuwa na nakala moja.