Kula roshanini melini: mambo ambayo picha haionyeshi

Juma lililopita msikilizaji wetu mmoja alitutumia picha kwa WhatsApp. Mume na mke wameketi kwenye roshani ya chumba cha meli kubwa ya kitalii, meza imejaa, na bahari nyuma yao imetulia kama maji ya mtungini. Chini yake aliandika: "Hao upepo hauwapeperushii chapati?" Tulicheka studio nzima, kisha tukaona swali lenyewe ni la maana. Meli hizo hupita huku kwetu, hutia nanga Mombasa na Zanzibar, hasa miezi ya kaskazi. Na vijana wetu wengi wanatafuta kazi humo. Kwa hiyo tumeona tulieleze jambo hili vizuri.

Zamani abiria wa melini alilala kwenye chumba chenye kidirisha cha duara, au kisicho na dirisha kabisa. Akitaka hewa, hupanda juu sitahani pamoja na wenzake. Meli ya Royal Princess, iliyozinduliwa Southampton, Uingereza, mwaka 1984, ilisifika kwa sababu vyumba vyake vyote vilitazama nje, na baadhi vilikuwa na roshani. Watu wakaipenda hiyo hewa ya peke yao. Siku hizi meli mpya ya kitalii ukiitazama kutoka bandarini, ubavu wake umejaa roshani kama masega ya nyuki.

Usidhani roshani yenyewe ni kubwa. Nyingi zinatosha viti viwili na kimeza, basi. Na hicho kimeza ndicho kinachowasumbua wageni, kwa sababu mara nyingi ni kifupi, kimetengenezwa kwa kuwekea glasi na kitabu. Ukiweka sahani hapo utakula umeinama kama unayepalilia. Wasafiri wazoefu humwomba mhudumu wa chumba siku ya kwanza kabisa awatafutie meza ya juu zaidi. Meli nyingine zinazo, nyingine hazina. Asiyepata huishia kula mlo wa asubuhi tu pale nje, ule usiohitaji kisu na uma: mkate, matunda, kahawa.

Chakula hicho kinafikaje? Katika meli nyingi unakuta kadi chumbani. Usiku kabla ya kulala unaweka alama kwenye unachotaka, chai au kahawa, mayai au uji, unaandika na saa, kisha unaitundika kadi kwenye kitasa cha mlango upande wa nje. Asubuhi unasikia hodi na sinia limefika. Meli nyingine huduma hii imo ndani ya nauli, nyingine hulipiwa, kwa hiyo mwenye busara huuliza kwanza. Chakula cha jioni cha roshanini ni habari nyingine. Kampuni ya Princess Cruises, kwa mfano, huuza mlo maalumu ambapo wahudumu hutandika kitambaa mezani na kuleta chakula awamu kwa awamu, kamba-koche na nyama ya ng'ombe vikiwemo. Kwa miaka kadhaa bei yake ilikuwa dola 100 kwa watu wawili. Wengi huununua siku ya kumbukumbu ya ndoa.

Sasa turudi kwenye upepo wa msikilizaji wetu. Aliyewahi kusimama juu ya boti ya kwenda Unguja anaujua. Hata siku ambayo hewa imetulia, meli inayokwenda kilomita 35 kwa saa inajitengenezea upepo wake, sawa na unaoupata ukipanda bodaboda isiyo na haraka. Ukiongeza na upepo wa bahari wenyewe ukitoka mbele, kofia inakwenda. Mabaharia wa pwani tangu enzi za majahazi wanatofautisha goshini, upande unaopigwa na upepo, na demani, upande uliokingwa. Aliyepata chumba cha demani siku hiyo anakula kwa raha, wa goshini anakimbizana na karatasi za kufutia mikono. Meli ikigeuza njia, na bahati inageuka. Roshani za tezini, yaani nyuma kabisa, huwa na nafuu kwa sababu mwili mzima wa meli unazikinga. Lakini picha nyingi nzuri, tunashuku, zilipigwa meli ikiwa imetia nanga!

Chakula nacho hupoa haraka, hivyo sahani hufunikwa mpaka dakika ya kula. Bahari ikichafuka kidogo, wahudumu wana ujanja wa siku nyingi: wanaloanisha kitambaa cha mezani, kwa sababu sahani haitelezi juu ya kitambaa kibichi. Jaribu nyumbani uone. Na kabla ya kufungua mlango wa roshani, hakikisha mlango wa kutokea ukumbini umefungwa. Ikiachwa wazi yote miwili, upepo unapita chumbani kama kwenye bomba na mlango unajibamiza kwa nguvu za kuvunja vidole.

Ukisoma masharti ya meli hizo utaona mshumaa haukubaliwi roshanini, na meli nyingi siku hizi zimepiga marufuku sigara huko. Wageni wengine hunung'unika. Sisi hatuwaungi mkono, na sababu ni hii. Tarehe 23 Machi 2006, kama saa tisa usiku, meli ya Star Princess ilikuwa karibu na Jamaika, abiria wengi wamelala. Moto ukaanza kwenye roshani moja. Wachunguzi wa ajali za baharini wa Uingereza waliona kwamba yaelekea chanzo kilikuwa kipande cha sigara kilichotupwa kikiwa bado kinawaka. Ndani ya vyumba kulikuwa na mitambo ya kunyunyiza maji, lakini nje kwenye roshani haikuwepo. Viti na meza vilikuwa vya plastiki, na kuta za kutenganisha roshani na roshani nazo zilikuwa za aina ya plastiki. Upepo ule ule tuliousema ukaupeleka moto kutoka roshani hadi roshani, ukapanda na sitaha za juu, kwa dakika chache tu. Abiria mmoja alifariki kwa moshi. Vyumba 79 viliharibika kabisa, na vingine 218 viliguswa na moto, moshi au maji.

Baada ya hapo sheria ya kimataifa ya usalama wa maisha baharini ilirekebishwa. Kuanzia tarehe 1 Julai 2008, roshani zinatakiwa ziwe na viti na meza visivyoshika moto kirahisi, la sivyo ziwekewe vigunduzi vya moto na mitambo ya kunyunyiza maji. Kuta za kutenganisha zisiwe za kuungua. Hata meli zilizokuwa zimeshajengwa ziliguswa. Kwa hiyo ukiona kwenye picha viti vizito vya chuma ambavyo havionekani vya starehe sana, usishangae.

Jambo la watoto tulitaje kwa kifupi. Sheria ya Marekani ya mwaka 2010 inataka kingo za meli za abiria zinazopakia au kushusha watu huko zifike sentimita 107 hivi. Urefu huo unamkinga mtoto aliyesimama chini, haumkingi aliyepanda kitini. Kiti kisogezwe mbali na ukingo.

Baada ya kula, sinia huachwa kwa mhudumu, wala hakuna cha kutupwa baharini. Plastiki imekatazwa duniani kote tangu mwisho wa 1988.

Na huyo mhudumu? Anaweza kuwa kijana wa hapa kwetu. Mkataba wa kimataifa wa kazi za mabaharia unamhusu naye, ingawa kazi yake ni shuka na sinia. Kenya iliuridhia mwaka 2014, Tanzania 2019. Unampa angalau saa 10 za mapumziko katika kila saa 24, na saa 77 kwa wiki. Pia unakataza mtafuta kazi kutozwa ada ya kuajiriwa. Gharama anazoweza kubebeshwa ni za cheti cha afya, kitabu cha baharia na pasipoti, huku viza ikiwa juu ya mwenye meli. Tunapokea simu za wazazi waliouza ng'ombe kumlipa mtu aliyeahidi kazi ya melini, kisha namba yake ikawa haipatikani. Mtu akikuomba "ada ya kupata nafasi", usilipe, hata akikuonyesha picha ya roshani yenye meza iliyojaa.